Posa kwa Ofisi ya Maji

Namkonda, upande wa Quionga
Ijumaa, 9 Januari 2026

Ancha ameiandikia serikali barua, na serikali imeipokea kwa mikono miwili. Salamu zitafuata, Haula, nisije nikapasuka kwanza.

Mdogo wangu, hujambo? Mimi sijambo, na hata ningekuwa na jambo leo lisingeonekana. Barua yenyewe ni kurasa mbili, Kireno kitupu, hakuna palipofutwa. Mwalimu wa shule yetu aliisoma akauliza imeandikwa na wakili gani. Nikamwambia wakili huyu nimemzaa mwenyewe, tena alitanguliza miguu, ndiyo maana hajui kuona haya mbele ya mtu. Mimi niliyeishia darasa la nne nilisimama pale nikajiona nimeyamaliza yote.

Sasa nikueleze, maana simu tangu mnara uzimike ni ya kutazamia saa tu. Unalikumbuka lile tangi la maji karibu na msikiti, lile tulilolichezea ngoma siku ya ufunguzi mpaka nikapoteza kiatu? Mwezi wa kumi na moja, mvua haijakaza, walikuja watu wa ofisi ya maji na kisanduku cha barafu. Wakachota maji yetu kwenye vichupa, wakaandika andika, wakaenda zao. Hawakurudi kusema lolote, nasi tukaendelea kunywa. Kisha kikaingia kipindupindu. Nafisa, mke wa jirani yangu Latifo, asubuhi alikuwa anakuna nazi, magharibi tunamtafutia sanda. Mungu amrehemu. Basi Ancha kaiuliza ofisi swali moja tu: vile vichupa vilisema nini?

Ipo sheria, Haula, usicheke. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuiuliza serikali inajua nini, wala hatakiwi kueleza kwa nini anataka kujua, nao wanapewa siku ishirini na moja wajibu. Ancha kafundishwa kwenye mafunzo yao ya afya. Mimi miaka yote nilidhani serikali ndiyo inayouliza na sisi ndio tunaojibu.

Ila pana mahali nilimrekebisha. Yeye alitaka kwenda kuiacha mezani kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Nikamwambia, "Mwanangu, barua inayotaka neno kutoka nyumba ya watu haiendi hivyo. Wewe unaposa." Nikaifunga ndani ya kapulana mpya, ile nguo nyekundu niliyoiweka kwa ajili ya Idi, nikaitia kwenye sinia. Nikamtanguliza bi Hafsa, maana huyo ndiye mshenga wa mji huu na hajawahi kurudishwa mlangoni. Wanawake tukajaa kwenye gari la mihogo. Askari wa kizuizini alichungulia, akaona sinia, akasema, "Mabibi, piteni, mkatualike."

Pale ofisini kijana wa mapokezi, Gildo, alisimama mwenyewe. "Nani anaolewa?"

Hafsa akamjibu, "Bado hatujui, mwanangu. Ndiyo tumekuja kuuliza."

Kaipokea, kaipigia muhuri nakala yetu. Kapulana tumeiacha hukohuko kama ilivyo desturi. Wakikataa watairudisha. Wasiporudisha, wewe na mimi tunajua maana yake.

Wasomee hii majirani zako wote, hata yule anayejisifu mwanawe yuko benki.

Dada yako,
Siwema binti Mashaka, mama yake Ancha


Mtwara
Alhamisi, 15 Januari 2026

Dada Siwema,

Assalamu alaykum. Naanza na salamu kwa sababu mama alitufundisha sote wawili, ingawa mmoja wetu alikuwa anachungulia dirishani.

Barua yako nimeisoma nikafurahi. Halafu nikamuuliza Abdulswamad aliyeileta, "Habari za huko?" Akatazama viatu vyake. Unamjua mtu huyu, anavusha vitenge na sabuni huku na huko na mdomo wake haujui kufungwa. Akitazama viatu, pana jambo. Nikamnyima chai mpaka akasema.

Kasema Ancha hatoki nje. Kasema watu wanamwita mtia sumu. Kasema mlango wenu umepakwa tope mara mbili na wewe unauosha kabla watu hawajaamka. Dada, umeniandikia habari za sinia, za kapulana, za kiatu kilichopotea, na mlango wako haukupata hata mstari mmoja?

Mimi ni nani kwako? Yule mtoto nilimbeba mgongoni mpaka akaniharibia gauni la harusi ya Haji Nazir.

Mlete huku. Na hayo ya kuposa yaache. Serikali haina mwari ndani. Huko kwenu watu wakikusanyika, askari hawaulizi harusi ni ya nani. Mmepita mara moja kwa bahati ya sinia, msiijaribu bahati hiyo tena.

Abdulswamad anarudi Jumatatu. Chumba cha nyuma nimeshakifagia.

Mdogo wako,
Haula


Namkonda
Jumanne, 20 Januari 2026

Haula,

Abdulswamad hatakunywa chai kwangu tena, wala maji.

Ndiyo, ni tope. Nilinyamaza kwa sababu tope la mlangoni linafutika, likishaandikwa kwenye karatasi halifutiki. Sasa umeshaliandika wewe, basi nikupe lote.

Ancha amevaa kizibao cha kujitolea tangu mwezi wa kumi na mbili. Anapita nyumba kwa nyumba na chupa ya dawa ya maji, anatia kizibo kimoja kwenye ndoo, anasema subirini kidogo ndipo mnywe. Alipoanza kupita, watu walikuwa wameshaanza kuharisha, lakini nani alikuwa anaangalia? Wao waliona kizibao, wakaona chupa, kisha wakaona jeneza. Ndoo ya Nafisa aliitia dawa Jumanne. Jumatano tukazika. Na palepale makaburini, udongo bado mbichi, Latifo akasema mbele ya watu wote, "Mke wangu hakuugua mpaka mtoto wa Siwema alipotia mkono kwenye ndoo yake."

Latifo, Haula. Niliyemkaribisha mtoto wake wa kwanza duniani kwa mikono hii. Sikumjibu, maana mfiwa hajibiwi. Lakini neno lile lilitoka makaburini likafika kwangu kabla yangu.

Sasa unaelewa barua ni ya nini. Vile vichupa vilijazwa kabla Ancha hajapewa kizibao. Kama maji yalikuwa mabaya siku ile, maradhi yalikuwemo tangini kabla yake, na mtoto wangu alikuwa anayafukuza, si kuyaleta. Jambo hilo linajulikana. Limo kwenye ofisi yenye feni na mapazia, na watu wanaolijua wanakunywa maji ya kununua.

Nawe unaniambia nimvushe mto. Akivuka, wamepata jibu lao. Watasema, "Mbona kakimbia?" Hata wajukuu wake wataambiwa. Mtoto wangu atatoka humu ndani kwa mlango wa mbele, mchana, na kizibao chake nitakuwa nimekipiga pasi mwenyewe.

Jana tulikwenda kuulizia, Ancha tukamtoa alfajiri kwa mlango wa nyuma, amejitanda. Gildo safari hii hakusimama.

"Shefe hayupo, mama."

"Na gari lake?"

"Gari lipo."

"Na huyo anayekohoa nyuma ya mlango?"

Kijana akababaika, akasema labda ni gari. Hafsa akamwambia, "Basi gari hilo lipelekwe hospitali, kifua kinalisumbua."

Tukakaa chini palepale kwenye saruji. Mwisho shefe, mkubwa wa ofisi, akatoka, Ernesto jina lake, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hakutuamkia. "Nyinyi mmetumwa na chama gani?"

Ancha akajibu kwa Kireno, taratibu, kama anasoma, "Sheria hainitaki niseme nimetumwa na nani."

Shefe akamwacha, akanigeukia mimi, akaleta Kiswahili chake cha kuombea samaki. "Mama, matokeo haya ni ya kitaalamu. Mtayaelewa vibaya, mtaleta fujo."

Nikamwambia, "Kuzika tumeelewa vizuri, bwana. Kwenye kuzika hatukuletewa mtaalamu."

Akarudi ndani akafunga mlango. Na nilipoinuka, nikaiona. Kapulana yangu, Haula. Ile nyekundu ya Idi. Wameifunikia mashine ya kutolea nakala isiingie vumbi. Nilitaka kwenda kuivuta, Hafsa akanishika mkono. Akaninong'oneza, "Iache. Hawajairudisha."

Chumba cha nyuma mlaze mgonjwa mwingine. Sisi hatuji.

Siwema


Namkonda
Jumamosi, 31 Januari 2026

Mama mdogo, shikamoo.

Mama hajui kama nakuandikia. Nimempa Abdulswamad barua hii nje, kwa sababu ndani haruhusiwi.

Muda wa ofisi kujibu ulikwisha juzi, na jibu halikuja. Lililokuja ni gari. Watu wawili waling'oa koki zote za tangi, wakatia kufuli kwenye kijumba cha pampu. Nilijitanda nikatoka nikawauliza sababu. Mmoja akasema, "Hatujui, dada, tumetumwa." Hata kibao hawakuacha. Sasa watu wanachota kwenye kisima cha zamani bondeni, kile kilicho chini ya vyoo, na mimi siruhusiwi kuwafuata na dawa. Wanasema barua yangu ndiyo iliyofunga maji. Jana alasiri walirusha mawe kwenye bati. Mama alitoka akasimama mlangoni na mchi wa kinu, akawataja kwa majina mmoja mmoja, na majina ya mama zao, na nani alizaliwa wapi na kwa shida gani. Wakaondoka. Lakini kuna siku watakuja wasiojulikana majina.

Nilivyofundishwa kwenye mafunzo, ofisi ikinyamaza mpaka muda ukapita, inahesabiwa imekataa. Kinachofuata ni kuandika ngazi ya juu, mkoani, na baadaye kwa hakimu. Ni safari ndefu. Nilipomweleza mama, aliniangalia kama nimesema jua linachomoza magharibi. "Wamekataa? Wamenyamaza, Ancha. Mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Kitambaa wamekishika, koki wameng'oa, sasa wameanza kufungasha kama nyumba ya bibi harusi. Mtu asiyekubali anafungasha nini?" Tumegombana siku nzima. Mimi nasema sheria, yeye anasema desturi, na wote wawili hatuna maji ndani.

Kuna jambo sijamwambia. Yeye hajawahi kunishuku hata dakika moja. Anawaambia watu mikono yangu ina baraka. Lakini mimi, mama mdogo, siku nyingine nakaa kitandani nikaitazama mikono hii. Kizibo kimoja, ndoo moja, nilifanya kama nilivyoelekezwa, nakumbuka. Halafu najiuliza, je, chupa yenyewe ilikuwa nzima? Je, niliiacha wapi wazi? Da Nafisa aliniuliza, "Hii haina neno?" nikamwambia, "Haina neno." Barua ile sikuiandika kwa ajili ya watu peke yao. Nataka vichupa viniambie na mimi.

Nimechoka. Kama chumba bado kipo, nipokee.

Mwanao,
Ancha


Mtwara
Jumanne, 3 Februari 2026

Dada,

Salamu leo sina.

Mtoto kaniandikia. Usimgombeze, na Abdulswamad usimguse. Habari za koki na mawe ninazo. Lipo na lingine anakuficha, si langu kulisema. Mketishe, umuulize kwa nini anaitazama mikono yake.

Wewe umepigana na mji, umepigana na ofisi, na humo chumbani mwako mtu anapigana peke yake na hujamwona. Sifa zimekuziba macho. Nimesema, na ukikasirika ukasirike.

Wiki ijayo navuka kuja kumchukua. Sikuombi ruhusa.

Haula


Namkonda
Alhamisi, 5 Februari 2026

Latifo atakuwa mshenga. Soma tena, Haula, nimeandika Latifo.

Kwanza nilikasirika kama ulivyoniruhusu. Halafu nikamketisha mtoto kwenye mkeka, nikamwambia, "Nionyeshe mikono." Akaificha chini ya mapaja, kama alivyokuwa akifanya udogoni akila sukari. Ndipo akasema yote. Kalia mpaka kizibao kikalowa.

Sijui nikuandikie vipi hasira niliyonayo. Ya tope niliimeza. Ya mawe nikaishika na mchi. Lakini hii haimezeki. Yupo mtu amekaa pale chini ya feni, anajua kama mwanangu kaua au hakuua, na anakwenda kula chakula cha mchana. Anajua, Haula. Kwa neno moja mtoto angelala usingizi. Wamemfanya Ancha aiogope mikono yake, mikono niliyoikata kucha mimi, nao wakachukua nguo yangu ya Idi wakafunikia mashine.

Nilijifunga kibwebwe, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Latifo. Tangu makaburini sikuwa nimekanyaga kwake. Alikuwa anashona wavu, hakuinua kichwa.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kukaa." Nikakaa. "Latifo, yale maji tangini, mazuri au mabaya?"

"Mazuri. Ubaya ulitiwa nyumbani."

"Basi mbona wamefunga mazuri?"

Sindano ikasimama.

"Wewe ukiwa na samaki mzuri, unamfungia kwa kufuli usiku watu wakiwa na njaa? Wameng'oa koki, Latifo. Hawakusema kwa nini. Mwanangu kawauliza wameona nini kabla hajashika chupa, wamekaa kimya, wakaja kuziba. Mkeo alikunywa pale tangu tangi lifunguliwe, siku zote, kabla ya dawa na baada ya dawa."

Akasema polepole, "Na hiyo karatasi yao ikisema ni mwanao?"

Haula, nilijua ataniuliza hilo, na njiani nilikuwa nimeshalijibu. "Ikisema ni yeye, nitamvusha mto mwenyewe, mchana, nikipita mbele ya mlango wako. Na ikisema si yeye, wewe utaliondoa neno lako mahali ulipolitoa. Makaburini, mbele ya watu."

Alifukuza kuku wawili waliopita kati yetu. Kisha akasema, "Hakuna aliyekuja kuniambia kitu, Siwema. Hata mmoja. Walikuja kunyunyiza dawa sakafuni, wakachoma godoro, wakaondoka. Nilitaka jina la kilichomuua. Mwanao ndiye aliyekuwa karibu."

"Basi njoo uliulize jina hilo mlangoni kwao. Mimi wanaweza kuniita mwenye fujo. Wewe watakuita nani?"

Ndipo akaweka wavu chini.

Nimemweleza Hafsa. Nilidhani atanuna kunyang'anywa ushenga, akasema mfiwa ndiye anayesema, yeye atabeba sinia. Na Ancha tumepatana naye. Yeye ameandika barua ya pili, ya mkoani, kwa sheria yake ya kwamba wamekataa. Mimi nakwenda kwa desturi yangu ya kwamba wamekubali. Zote mbili zitakuwa kwenye sinia moja. Wakitoa jibu, barua ya mkoani tutairudisha nyumbani. Wasipotoa, gari hilohilo litatupeleka mpaka mkoani, na mihogo itangoja.

Hatuandamani, usiogope. Wenye kuandamana ndio wanaosimamishwa. Sisi tunakwenda kuchukua jibu la posa, na msafara wa namna hiyo haurudishwi kizuizini, askari mwenyewe aliomba mwaliko. Nguo ni zile za harusi. Vigelegele vipo. Tutakaa kwenye saruji yao tukiimba mpaka gari likohoe. Walioleta mawe kwangu wamesikia Latifo anakwenda, na mama zao wameshaanza kuja kuniuliza wavae nini. Nimewaambia chochote, ila wana wao waje kubeba maji ya njiani, na maji hayo Ancha atayatia dawa mbele ya macho yao, na wa kwanza kunywa nitakuwa mimi.

Wewe umesema unakuja kumchukua. Sawa, vuka, lakini uje na ile sauti yako ya vigelegele iliyomuua bibi harusi kwa aibu kule Mbau, na ulete na majirani zako, hata yule wa mwana wa benki. Hutamchukua mtu. Utamsindikiza. Atatoka kwa mlango wa mbele, kizibao nimeshakipiga pasi.

Waambie wote. Mbele ya tangi lililofungwa, jua likichomoza, Jumatatu tarehe tisa.

Dada yako,
Siwema, mama yake Ancha